Breki Baada ya Mionzi

Wanafunzi wake walimwita Breki, na jina likamganda hata majirani wakasahau la kuzaliwa. Alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka ishirini na sita. Gari lake dogo jeupe lilikuwa na pedali za ziada upande wa abiria, chini ya miguu yake, na mwanafunzi akikanyaga mafuta pale alipotakiwa kukanyaga breki, yeye alikuwa ameshalisimamisha gari huku anatazama nje dirishani kana kwamba hakuna lililotokea. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, tumepumzika. Washa tuendelee." Watu walivuka mji mzima kuja kujifunza kwake, hasa waoga, na wale waliokwisha kukimbiwa na walimu wawili watatu.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi miwani. Kutwa alishinda kwenye duka dogo lenye kioo mbele, anasaga lenzi, anakaza skrubu ambazo mtu wa kawaida hazioni, na kupima macho ya watu. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne na walikuwa wamelea pacha wawili, mvulana na msichana. Mvulana alifanya kazi mbali, msichana aliolewa mitaa mitatu kutoka kwao. Baada ya watoto kutoka, nyumba ilibaki yao wawili tu, na haikuwapa shida hata kidogo. Walikuwa watu wa utani, wa kugombea rimoti, wa kuitana jikoni kuonja mchuzi. Chumbani nako mambo yao hayakuwa haba, ingawa hilo hawakuwa na haja ya kumtangazia mtu.

Kila mwaka shule ya udereva iliwapeleka walimu wake kupimwa macho, masikio na presha. Mwaka ambao Breki alitimiza sitini na mmoja, daktari alikuwa kijana mdadisi.

"Mkojo unatokaje, mzee?"

"Unatoka."

"Kwa kasi au kwa kusuasua?"

"Kwa foleni," Breki alijibu, na daktari akacheka, lakini akaandika. Akamtuma maabara kutolewa damu. Damu ikaleta maswali, maswali yakaleta kipimo kingine cha sindano, na wiki tatu baadaye Breki na mkewe walikuwa wamekaa mbele ya meza ya bingwa wakiambiwa kwamba ni saratani ya tezi dume, na kwamba imewahiwa.

Bingwa aliwaeleza njia mbili, upasuaji au mionzi. Breki alichagua mionzi kwa sababu ya kisu tu, alikiogopa. Bingwa alitaja pia madhara yanayoweza kufuata, ya mkojo, ya choo, na ya "mambo ya ndoa", lakini aliyataja mbiombio, kama mtu anayesoma masharti yaliyo nyuma ya tiketi. Breki siku hiyo alisikia neno moja tu, kwamba atapona. Mengine yalimpita juu ya kichwa.

Mionzi ilichukua siku ishirini. Kila siku saa nne asubuhi alitakiwa kuwa na kibofu kilichojaa, kwa hiyo saa tatu alianza kunywa maji glasi baada ya glasi, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na wanaume wenzake, wote wamebana magoti, wote wanatazama saa ya ukutani. Nyonga zake na tumbo vilitiwa vidoti vitatu vya wino ili mashine isikosee shabaha. Alilala kwenye kitanda chembamba, mkono mkubwa wa mashine ukamzunguka ukinguruma taratibu, na kabla hajamaliza kuhesabu hadi mia sita alikuwa anakimbilia msalani.

Pale kwenye viti alipata rafiki, fundi bomba mnene aliyekuwa wiki moja mbele yake. "Miaka arobaini naziba mabomba ya watu," fundi huyo aliwaambia wenzake, "leo langu ndilo bovu, na fundi wake haongei." Wanaume walicheka huku wamejibana, maana kucheka nako kulikuwa hatari.

Siku ya ishirini ikaisha. Miezi mitatu baadaye kipimo cha damu kilionyesha namba imeshuka kabisa. Binti alileta keki, majirani walimshika mkono, na mwenye shule ya udereva alimrudishia gari lake likiwa limeoshwa. Kila aliyekutana naye alimwambia ana bahati. Breki alikubali kwamba ana bahati, na akasema hivyo kwa moyo mweupe.

Ila kulikuwa na mengine ambayo hayakuletewa keki. Pamoja na mionzi alichomwa sindano za homoni kwa miezi sita, za kuunyima ugonjwa chakula chake. Sindano hizo zilimpandisha joto bila taarifa. Angekuwa ameketi garini, ghafla shingo inalowa jasho kama mtu aliyepanda ghorofa kumi. Alinenepa kiuno. Alilengwalengwa na machozi kwa tangazo la sabuni. Na hamu ya mwanamke, ambayo alikuwa nayo tangu ujana bila kuifikiria, ikamtoka pasipo kuaga. Kibofu nacho kikageuka bwana mkali, kikiita kinataka kuitikiwa papo hapo.

Sindano zilipokwisha, joto lilipungua polepole na hamu ikarudi, kama nusu yake. Mwili ndio haukurudi nayo. Jumapili moja mchana, mvua ikiwa inanyesha na simu zimezimwa, walijaribu, ikashindikana. Mama Pacha akasema si kitu. Walijaribu tena wiki mbili baadaye, ikashindikana vilevile, na safari hii Breki alisema anakwenda kunywa maji. Alikaa jikoni akiitazama glasi mpaka aliposikia mkewe amewasha redio.

Baada ya hapo akahamia chumba cha watoto. Alisema ni kwa sababu ya lile joto, hataki kumsumbua mwenzake, na ingawa joto lenyewe lilikuwa limekwisha kupoa, hakuna aliyelitaja. Kisha, bila kupanga, akaacha na yale madogo. Aliacha kumpitishia mkono begani akiwa anaosha vyombo. Aliacha kumbusu shingoni. Aliona kila mguso utakuwa kama ahadi, na ahadi yenyewe hana uwezo wa kuitimiza, basi afadhali mikono ikae mifukoni. Mama Pacha naye hakuuliza. Nyumba ikawa na adabu kama ofisi. "Umelalaje?" "Salama." "Chai iko mezani." "Ahsante."

Mwaka ukapita hivyo.

Kazini Breki alijipanga. Alijua kila choo kilichoko kwenye njia zake za mafunzo: cha kituo cha mafuta, cha maktaba, cha duka la samani ambalo mwenyewe hakuwa mtu wa maswali. Masomo yake yote yalipita hapo, na wanafunzi walidhani ni mbinu ya kufundishia kuegesha. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na mitatu, mjane, aliyeamua kwamba hatazikwa bila leseni. Yeye alimwita Breki "Mwalimu", na Breki naye alimwita "Mwalimu", hivyo ndani ya gari lile hakuna aliyekubali kuwa mwanafunzi. Alishika usukani kama aliyeshika sufuria ya moto. Gari lilimzimikia kila njia panda, na zoezi la kugeuza gari kwenye barabara nyembamba lilikuwa limemshinda wiki tatu mfululizo.

Asubuhi moja walikuta daraja linatengenezwa. Magari yalisimama, hakuna mbele wala nyuma. Breki alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai, upuuzi ambao kwa kawaida hakuufanya. Dakika ya kumi akaanza kupangusa jasho. Dakika ya kumi na tano akakaza mkanda, akaulegeza, akafungua dirisha, akalifunga. Dakika ya ishirini, mtu aliyewasimamisha wengine kwa miaka ishirini na sita akashindwa kujisimamisha mwenyewe. Suruali ya kijivu ikaloa mpaka gotini, na kiti nacho.

Alitazama mbele. Masikio yalikuwa yanamwaka. "Mwalimu," alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "foleni ikisogea, geuza tu. Turudi."

Yule mama alimtupia jicho mara moja, akayarudisha macho barabarani. Foleni iliposogea, akageuza gari lile kwa mikato mitatu safi, bila kugusa ukingo, bila kuzima. Akaendesha mpaka mbele ya geti la Breki, njia panda nne, na gari halikumzimikia hata moja. Alipofika akavua sweta lake refu la bluu, akamwekea mapajani.

"Jifunge kiunoni," alisema. "Majirani zako wana macho."

Breki alilishika sweta, akamtazama.

"Marehemu mume wangu alitibiwa huohuo ugonjwa," yule mama akaendelea, mikono bado kwenye usukani. "Usinitazame hivyo, mtaa mzima unajua ulikuwa unatibiwa. Alipona. Alikuja kufa kwa moyo. Lakini miaka sita ile tuliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Mimi nilijua hanitaki tena. Yeye alijua ameniharibia maisha. Haya nilikuja kuyasikia kwa rafiki yake, wiki moja baada ya mazishi. Sikufundishi, Mwalimu. Nimeona nikuambie tu."

Akashuka, akamkabidhi funguo. "Somo la Alhamisi liko palepale?"

"Liko palepale," Breki akasema.

Aliosha kiti, akafua suruali, akafua na sweta, akalianika nyuma ya nyumba. Kwa mkewe hakusema kitu.

Wiki iliyofuata alikuwa na zamu yake ya kliniki ya ufuatiliaji. Namba ya damu bado ilikuwa chini, hilo lilichukua dakika mbili. Kisha muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo na viatu visivyo na kishindo, akampa karatasi sita zilizobanwa pamoja na kalamu. Hospitali ilikuwa imeanza kuwauliza wagonjwa wake wanaishije baada ya tiba. Ukurasa wa kwanza uliuliza uchovu, wa pili mkojo, wa tatu choo. Breki alijaza kwa uaminifu, hata pale pa mkojo, kwa herufi ndogo. Ukurasa wa nne uliuliza mambo ya chumbani. Aliugeuza haraka, akajaza wa tano na wa sita, akarudisha.

Muuguzi alifunua karatasi moja moja. "Baba, ukurasa wa nne umenirudishia mweupe."

"Huo haunihusu. Mimi ni mtu mzima."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu."

"Hapo ulipokaa, jana alikaa wa themanini na mmoja. Alijaza mpaka pembeni, karatasi ikamwishia."

Breki alicheka bila kutaka. Muuguzi hakucheka sana, alisubiri. Kisha akasema, "Damu yako naisoma kwenye kompyuta. Haya mengine siwezi kuyasoma popote usiponiambia. Mionzi inachosha mishipa midogo ya huko chini, taratibu, mwaka, miaka miwili. Wengi wenu yanawakuta, na wengi mnakuja hapa mnaniambia hali ni nzuri. Mama yupo?"

"Yupo."

"Anasemaje?"

"Hatujazungumza," Breki akasema.

Muuguzi alitoa ule ukurasa, akamkunjia. "Chini kuna sehemu ya mwenzi. Nenda nao nyumbani, mjaze wawili, halafu mje wawili."

Karatasi ile ilikaa ndani ya kidroo cha gari siku nne. Aliigusa kila alipotafuta kitambaa cha kufutia kioo. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, meza ikiwa haijatolewa vyombo, alikwenda garini, akarudi, akaiweka mbele ya mkewe.

"Wamenipa kazi ya nyumbani," alisema, akakaa.

Mama Pacha alishusha miwani kutoka kichwani, akaikunjua karatasi, akaisoma kama alivyosoma vyeti vya daktari wa macho, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipofika chini akarudi juu. Akanyoosha mkono, akachukua penseli iliyokuwa kwenye kikombe cha kalamu.

"Swali la kwanza umelijibu?"

"Sijajibu hata moja."

"'Katika wiki nne zilizopita, umekuwa na uwezo gani wa…'" Akakohoa. "Hili nalijua. Hakuna." Akaweka alama. "La pili nalo hakuna. La tatu: 'Hali hii inakusumbua kiasi gani?' Inakusumbua kiasi gani?"

"Kidogo."

"Baba Pacha."

Breki alikusanya makombo ya mkate mezani kwa ncha ya kidole, akayafanya kichuguu. "Sana," alisema. "Inanisumbua sana."

Penseli ikaandika. Jirani alikuwa anapigilia msumari ukutani kwake, akakosea, akaanza upya.

"Na hapa wananiuliza mimi," Mama Pacha akasema, akaweka penseli chini. Sauti yake haikupanda. "Nilidhani umenichoka. Siku ile ulipokwenda kunywa maji, nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikajitazama. Nikasema, ni hili tumbo. Ni haya maziwa. Mwenzangu amechungulia kaburi, amerudi, amekuta mwanamke mzee kitandani."

"Mama Pacha, wallahi…"

"Ngoja, sijamaliza. Kisha nikadhani kuna mtu. Kuna sweta la bluu lilianikwa nyuma hapa, la kike. Nilijua la nani, nimemuuzia miwani yule mama."

Breki alimkodolea macho. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, kibaya, kikachanganyika na kitu kingine hata akalazimika kujifuta uso kwa mkono wa shati. Na kwa kuwa sweta lilihitaji maelezo, akaeleza. Alieleza daraja, vikombe viwili vya chai, kiti, njia panda nne. Alieleza choo cha duka la samani. Alipoanza hakuweza tena kuzuia, akaeleza na glasi ya maji jikoni, na mikono mifukoni, na kwamba usiku huwa anausikia mlango wa chumba cha mkewe unafungwa na anahesabu hatua.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, alimsogelea na kiti chake mpaka magoti yakagusana.

"Mimi nilipokuwa nawaka moto, ile miaka ya kukoma hedhi," alisema, "wewe ulifanya nini?"

"Nilikuletea feni."

"Ukalala na soksi na kofia, unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ulihama?"

"Sikuhama."

"Basi?"

Breki alirudi chumbani kwao siku ile ile, na mto wake kwapani. Hawakujaribu chochote. Alilala tu, na mkono wa mkewe juu ya tumbo lake lililonenepa, akausikiliza uzito wake.

Kliniki walikwenda pamoja, Mama Pacha amechukua ruhusa dukani. Muuguzi aliwaeleza kwa lugha ya watu. Kwa kibofu, apunguze chai, ajisaidie kwa saa badala ya kusubiri kengele, na afanye mazoezi ya kukaza misuli ya chini, kama mtu anayekata mkojo katikati, mara kadhaa kwa siku. Kwa lile jingine, kuna vidonge, na daktari atauangalia moyo wake kwanza. Vikigoma, kuna pampu. Asinunue poda za barabarani, hata kama muuzaji ana picha ya simba. Akimaliza bila majimaji kutoka, asishtuke, ndivyo inavyokuwa baada ya mionzi.

"Nitarudi kama zamani?" Breki akauliza.

"Kama zamani, hapana. Sitakudanganya. Lakini pale ulipo leo, tunaweza kuondoka."

Mama Pacha alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Na kama hakuna kinachosimama," aliuliza, "mengine yanaruhusiwa?"

Muuguzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu meno yote yakaonekana. "Mama, hayo mengine hayajawahi kupigwa marufuku."

Vidonge vilimpa Breki kichwa kuuma na uso mwekundu, na matokeo ya kusuasua. Ikaja pampu. Ilikuwa silinda ya plastiki yenye mpini na mpira wa kubana, ndani ya mfuko mweusi kama wa kinyozi. Walisoma maelekezo wawili, kitandani, Jumatano mchana, siku ambayo duka la miwani hufungwa mapema na yeye hana wanafunzi. Breki alivuta hewa kwa umakini wa mtu anayefunga tairi.

"Unaijaza upepo?" Mama Pacha akauliza.

"Nyamaza, nitapoteza hesabu."

"Usizidishe, isije ikapasuka," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka pampu ikaangukia chini ya kitanda, ikabidi Breki apige magoti kuitafuta, mtu wa miaka sitini na mitatu, uchi, na tochi ya simu. Siku hiyo haikufanyika kitu kingine. Lakini ilikuwa imepita miaka miwili tangu wacheke kitandani.

Jumatano zilizofuata zikaenda kwa viwango tofauti. Nyingine pampu ilifanya kazi yake, nyingine ilikataa, nyingine hawakuitoa mfukoni kabisa. Waligundua mambo waliyokuwa wameyaruka kwa haraka za ujana. Mama Pacha, kwa mazoea ya kazini, alijikuta anauliza kama anavyowauliza wateja anapowabadilishia lenzi, "Hivi afadhali, au hivi?" Na Breki, ambaye maisha yake yote alidhani mwanamume hujua bila kuuliza, akajifunza kujibu, kisha akajifunza kuuliza yeye. Walitandika taulo chini ili hofu ya mkojo isiwanyime raha, na hiyo ikaisha kuwa habari.

Si kila kitu kilinyooka. Kulikuwa na wiki ambazo alinuna, akatamani mwili wake wa zamani kama mtu anayemtamani ndugu aliyehama. Kulikuwa na damu kidogo chooni iliyowatia hofu, daktari akasema ni ya mionzi, ikaangaliwa, ikapoa. Kibofu kilimpa nafasi ya saa mbili, halafu mbili na nusu, haikuzidi hapo. Akaomba kazini apunguziwe masomo ya barabarani, afundishe alama za barabara darasani siku tatu kwa wiki. Mwenye shule alikubali. Yule mwalimu mkuu mstaafu alifaulu mtihani mara ya kwanza, akapita mbele ya geti lake akipiga honi kwa fujo ambayo Breki asingemruhusu mwanafunzi yeyote.

Siku moja alimpigia simu fundi bomba, ambaye hawakuonana tangu viti vya plastiki. Walisalimiana, wakasifu namba zao za damu. Kisha Breki akamwambia kuhusu ukurasa wa nne, vidonge na pampu, moja kwa moja, kama anavyoeleza mzunguko wa barabara. Upande wa pili kukawa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

"Upo?"

"Nipo," fundi bomba alisema. Akavuta pumzi. "Huyo muuguzi yupo siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Mwambie nimekutuma. Na nenda na shemeji."

"Shemeji yako atanicheka."

"Wangu alinicheka," Breki akasema. "Nenda naye."

Alipotimiza sitini na mitano, binti yao alipata mazoea ya kupita kwa wazazi bila taarifa, akitoka sokoni. Jumatano moja saa tisa mchana alikuta geti liko wazi, gari jeupe lipo, viatu vya wote wawili vipo barazani, na mlango umefungwa kwa ndani. Alibisha. Kimya. Akabisha tena, akaanza kuingiwa na wasiwasi, maana baba ni mtu wa hospitali. Alikuwa ameshatoa simu amwite mumewe aje wavunje mlango, aliposikia kitu kinaanguka ndani, na sauti ya mama yake ikisema, "Pole pole, wewe!"

Ikapita dakika nzima. Mlango ukafunguliwa. Mama Pacha alisimama pale, miwani imekaa upande, gauni amelivaa nje ndani, mishono yote inaonekana. Nyuma yake, ukumbini, Breki alikuwa ameketi kwenye kochi, anasoma gazeti kwa bidii kubwa, miguu mitupu.

"Mlikuwa mmelala?" binti akauliza.

"Tulikuwa tumepumzika," Breki akajibu, gazeti halikushuka.

Binti alimtazama mama yake, akatazama gauni, akamtazama baba yake, na masikio yakaanza kumwaka. Akaweka kapu la nyanya barazani, akasema amekumbuka ana wageni, na akaondoka kwa mwendo ambao Mama Pacha aliutazama mpaka ukaishia kwenye kona.

"Atapiga simu kabla ya kuja siku nyingine," alisema, akafunga mlango.

"Afadhali," Breki akasema, akaweka gazeti pembeni. "Umevaa gauni vibaya."

"Nimeona. Njoo unisaidie kulivua."

Nyanya zilikaa barazani mpaka saa kumi na moja.